Namba ya Kilo: Huandikwa Kila Mwezi, Haisomwi na Mtu

Leo naomba ruhusa ya kuweka kando habari za Linux na hifadhidata. Au tuseme siziweki kando kabisa, maana nitakayoyasema yanahusu data. Data yenyewe ni kilo za mama mjamzito. Najua wengine mtauliza: huyu fundi wa programu amevamia kliniki ya wajawazito kutafuta nini? Vumilieni kidogo, mtaona.

Kwetu Meru, na hata ukivuka mto Thuci ukaingia Embu, mwanamke anapoanza kliniki hupewa kijitabu cha mama na mtoto. Kila akirudi, anapanda kwenye mizani, mtu anasoma namba na kuiandika kwenye safu ya uzito. 61. Mwezi unaofuata 63. Kisha 64 na nusu. Basi, anayefuata! Nimetazama vijitabu kadhaa vya jamaa na marafiki, kwa ruhusa yao, na wote niliwauliza swali moja: je, hii namba mlielezwa ni ya nini? Jibu lilikuwa karibu moja: "Wanaandika tu."

Wanaandika tu! Wenzangu wa programu mnajua kwamba kompaila nyingi hutoa onyo ukitengeneza kibadilika, ukakipa thamani, halafu usikitumie popote. Inakuambia: bwana, hiki umekiweka cha nini? Sasa hapa tuna kibadilika kinachopewa thamani mpya kila ziara, nchi nzima, na mwenye mwili hajui kinaamua nini. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sigombani na wauguzi. Muuguzi mmoja mwenye foleni ya akina mama 40 asubuhi moja hana dakika za kuhutubia. Nagombana na mfumo unaokusanya na kunyamaza.

Kwa sababu mfumo ukinyamaza, wengine wanasema.

WANAOSEMA NI AKINA NANI?

Wa kwanza ni yule anayesema: "Kula, sasa mko wawili." Kwetu unene wa mke ni sifa ya boma. Mwanamke akinawiri, watu husema ametunzwa. Akikonda, macho yanamgeukia mume. Basi mama mkwe anajaza sahani, mume analeta soda na chipsi kutoka Makutano, na mjamzito anakula hata asipotaka, maana kukataa kunaonekana kama dharau.

Wa pili anasema kinyume chake: "Usile mayai. Usile avokado. Mtoto atakuwa mkubwa, utapasuliwa." Hili si la Meru peke yake. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu wajawazito wa Kikalenjin katika vijiji vya Uasin Gishu ulikuta vyakula kama mayai, nyama na avokado vikiepukwa, na sababu mojawapo ni hofu hiyo hiyo ya mtoto mkubwa. Tazama ajabu: chakula chenye protini ambacho mama anakihitaji zaidi ndicho kinachokatazwa kwanza, na mlima wa wali na viazi unaachwa upite.

Wa tatu ni wa siku hizi, na anakaa ndani ya simu. Huyu anamwonyesha msichana wa mjini picha za mwanamke aliyejifungua juzi na leo ana kiuno cha nyigu. Msichana anaanza kuruka chakula cha jioni akiwa na mimba ya miezi sita.

Sauti hizi tatu zinaweza kuwa katika nyumba moja, juu ya mama mmoja, wiki moja. Na ile namba ya kliniki ambayo ingeweza kuwaamua imelala kwenye kijitabu, ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati.

SASA NAMBA ZENYEWE

Haya, tuje kwenye hesabu. Chukua uzito wa mama kabla ya mimba, kwa kilo. Gawanya kwa urefu wake, kwa mita. Gawanya tena kwa urefu huo huo. Unapata kipimo kinachoitwa BMI. Mwaka 2009 taasisi ya tiba ya Marekani, Institute of Medicine, ilitoa mwongozo ambao unatumika sana duniani kwa mimba ya mtoto mmoja:

- BMI chini ya 18.5 (mwembamba): aongeze kilo 12.5 hadi 18
- BMI 18.5 hadi 24.9 (wa kawaida): kilo 11.5 hadi 16
- BMI 25 hadi 29.9 (mzito): kilo 7 hadi 11.5
- BMI 30 na zaidi (mnene sana): kilo 5 hadi 9

Mmeona? Hakuna namba moja ya wote. Tuwachukue wanawake watatu wa kufikirika, majirani hapo Nkubu. Wa kwanza ana urefu wa mita 1.62 na kilo 46. BMI yake ni 17.5. Wa pili ana mita 1.60 na kilo 58. Yake ni 22.7. Wa tatu ana mita 1.55 na kilo 70. Yake ni 29.1. Wote watatu wakiongeza kilo 12 kamili, wa pili amepatia barabara, wa kwanza amepungukiwa kidogo, na wa tatu amepita mpaka. Kilo 12 zile zile! Kwa hiyo mama anayemwuliza shoga yake "wewe uliongeza ngapi?" na kujilinganisha naye, anasoma jibu la mtihani wa mtu mwingine.

Mtu atasema: hizo ni hesabu za Wamarekani, sisi miili yetu ni mingine. Swali zuri, na mimi nililiuliza. Kuna mradi uitwao INTERGROWTH-21st uliofuatilia mimba za wanawake wenye afya katika miji minane ya dunia. Mmoja ni Nairobi, eneo la Parklands. Mwingine ni Muscat kule Oman. Matokeo ya uzito yalitoka 2016: wanawake wa uzito wa kawaida waliongeza wastani wa kilo 13.7. Hiyo inaangukia katikati ya ile 11.5 hadi 16. Kwa hiyo mwanamke wa Kenya mwenye lishe na afya nzuri hatofautiani sana na wenzake. Tofauti kubwa iko kwenye sahani na kwenye kazi anazofanya.

KILO HIZO ZINAKWENDA WAPI?

Hapa ndipo "kula kwa wawili" inapoanguka. Mtoto mwenyewe akizaliwa huwa na kilo kama 3 na kidogo. Kondo la nyuma halifiki kilo moja. Maji ya uzazi ni kama kilo moja. Mji wa mimba uliokua, kilo moja hivi. Damu iliyoongezeka, zaidi ya kilo moja. Ongeza matiti, maji ya mwilini, na akiba ya mafuta ya kama kilo 3 ambayo mwili unaiweka kwa ajili ya kunyonyesha. Ukijumlisha unafika kwenye 12 na ushee. Kila kilo ina kazi yake. Si unene wa uvivu, na si mtoto peke yake.

Chakula cha ziada je? FAO na WHO wanakadiria kwamba mjamzito anahitaji nyongeza ya kalori kama 85 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, 285 katika mitatu ya katikati, na 475 katika mitatu ya mwisho. Kalori 285 ni kama yai moja, ndizi mbivu na glasi ndogo ya maziwa. Hiyo tu! Si sahani ya pili ya mukimo. Nyongeza yenyewe ni ndogo, ila inatakiwa iwe ya chakula chenye maana: githeri yenye maharagwe ya kutosha, mboga za majani, yai, maziwa, omena, tunda.

Na yule anayejinyima ili mtoto asiwe mkubwa? Anayeongeza kilo chache mno yuko katika hatari zaidi ya kuzaa kabla ya wakati, au kuzaa mtoto wa chini ya kilo 2.5, ambaye hupambana tangu siku ya kwanza kupumua, kunyonya na kutunza joto. Upasuaji nao una sababu nyingi: namna mtoto alivyolala, nyonga ya mama, shinikizo la damu, uchungu usiosonga. Kuacha mayai hakupanui nyonga ya mtu. Kwa upande wa pili, anayepitisha mpaka sana ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa mtoto wa kilo 4 na zaidi, na upasuaji, na kilo zinazobaki hadi mimba inayofuata. Kwa hiyo ile hofu ya shosho haikutoka hewani. Kosa ni kumkamata yai na kumwacha huru soda.

EMBU INATUFUNDISHA NINI?

Wengi hawajui kwamba Embu ni jina kubwa katika sayansi ya lishe. Miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa California, wakiongozwa na Profesa Nimrod Bwibo na Profesa Charlotte Neumann, walifuatilia familia za huko kwa muda mrefu, katika mradi uliofanyika pia Misri na Mexico. Chakula cha Embu kilikuwa mahindi na maharagwe, nyama na maziwa kidogo sana. Wajawazito waliongeza uzito mdogo mno, chini kabisa ya ule unaoshauriwa, huku wakiendelea kulima, kuchota maji na kubeba kuni. Na ukame wa 1984 ukawakuta katikati.

Rukia miaka 30 mbele. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na asilimia 9 ni wembamba kupita kiasi. Yaani ukiwaweka wanawake 100 kwenye foleni ya kliniki, kama 40 na zaidi hawako katika kundi la kawaida, na hawahitaji ushauri mmoja! Ukimwambia kila mtu "kula vizuri mama," umewadhulumu wote. Wa Mbeere kwenye ukame anahitaji kusikia jambo moja, mwenye duka mjini Meru anahitaji kusikia jingine.

PINGAMIZI

Kabla hamjanirukia, najua hoja tatu.

Ya kwanza: kupima tu hakusaidii. Kweli kabisa! Mwaka 2010 taasisi ya NICE ya Uingereza ilishauri wajawazito wasipimwe uzito mara kwa mara kama desturi tu. Na mapitio ya tafiti yameonyesha kwamba kupima peke yake, bila kitu kingine, hakubadilishi sana kilo zinazoongezwa. Lakini mapitio ya Cochrane ya 2015 yalionyesha kwamba ushauri wa chakula na mazoezi hupunguza kuongezeka kupita kiasi kwa kama asilimia 20. Mnaona tofauti? Namba bila maneno ni bure. Namba pamoja na maneno ina nguvu. Hiyo ndiyo hoja yangu yote kwa sentensi mbili.

Ya pili: data yenyewe ni chafu. Nakubali, tena nina ushahidi. Asubuhi ya Julai kule Timau mama anapanda mizani na koti, sweta mbili na viatu vya mvua. Mwezi unaofuata jua limewaka, amevaa kitenge. Koti peke yake linaweza kufika kilo moja na nusu, wakati tunachotafuta ni nyongeza ya karibu nusu kilo kwa wiki! Halafu wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano au sita, kwa hiyo uzito wa mwanzo haujulikani. Fundi wa data angesema hatuna sehemu ya kuanzia. Lakini dawa si kuacha. Dawa ni kuvua koti na viatu kila mara, kuweka mizani kwenye sakafu iliyo sawa, na kwa aliyechelewa, kutazama mwendo wa wiki kwa wiki: kuanzia mwezi wa nne, mwanamke wa uzito wa kawaida huongeza kama kilo 0.4 kwa wiki, na aliye mnene sana kama 0.2. Pia kuna tepu ya kupima mkono juu ya kiwiko, ambao haubadiliki sana kwa ajili ya mimba. Chini ya sentimita 21 hadi 23, kutegemea mwongozo unaofuatwa, ni dalili ya upungufu wa lishe.

Ya tatu, na hii ndiyo inayoniuma: maarifa si chakula. Ukimwambia mama wa Tharaka au Mbeere mwaka ambao mvua imekataa kwamba anahitaji yai kila siku, yeye atakuuliza kuku yuko wapi. Ni kweli. Lakini hata hapo namba ina kazi. Mama mmoja asiyeongeza uzito ni shida ya nyumba moja. Akina mama 30 wa zahanati moja wasioongeza uzito ni taarifa ya njaa, na mtu wa kaunti anapaswa kuiona kwenye skrini yake kabla watoto hawajazaliwa na kilo 2.

MASHINE TUNAZO

Hili ndilo linalonitia hasira kama fundi. Hatuanzi sifuri. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret 2006, na KenyaEMR imejengwa juu yake. Tangu 2011 takwimu za vituo vya afya nchini zinakusanywa mtandaoni kwa DHIS2. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na simu na mikoba ya vifaa, mizani ikiwemo. Shirika la Jacaranda Health lina huduma ya PROMPTS inayotuma SMS kwa wajawazito na kujibu maswali yao, na limetengeneza hata modeli ya lugha ya Kiswahili, UlizaLlama. Mizani ipo, simu ipo, seva ipo, Kiswahili kipo. Kinachokosekana ni mistari michache ya hesabu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiandika kabla ya chai ya saa nne.

Fikiria mama anatoka kliniki na kabla hajafika stendi ya matatu, simu yake ya mulika mwizi inalia:

"Mama, leo kilo 64. Tangu mwezi jana umeongeza 2. Uko sawa. Endelea na yai, maharagwe, sukuma na tunda. Ukivimba uso au kuumwa sana kichwa, njoo haraka."

Hesabuni herufi, hazifiki 160. Ni SMS moja. Ile sehemu ya mwisho sikuiweka kwa mapambo: uzito unaoruka ghafla pamoja na kuvimba uso na mikono na kuumwa kichwa unaweza kuwa dalili ya ugonjwa unaoleta kifafa cha mimba, na huo unaua. Hapo namba ya kilo si habari ya umbo tena.

Ila mafundi wenzangu, tusikimbilie tu kuandika programu. Kwanza, simu nyingi vijijini ni za watu wawili. Mume au mama mkwe atausoma ujumbe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mwenyewe, na adabu inataka hivyo hivyo. Mama aulizwe kama anataka kilo zake zitajwe. Pili, lugha. Kwa wengi wa Igembe na Mbeere, Kimeru na Kimbeere ndizo lugha za mambo ya ndani ya mwili. Tatu, tusimwaibishe mtu. Ujumbe wa "umenenepa" utamfanya akwepe kliniki, na hapo tumempoteza kabisa. Mjamzito hapunguzwi uzito. Anapunguziwa mwendo wa kuongeza, kwa utaratibu, pamoja na muuguzi wake.

Na hata bila kompyuta, kuna jambo dogo. Katika vijitabu nilivyoshika, upande wa mtoto una mchoro wa ukuaji. Muuguzi anaweka nukta, anaunganisha mstari, na mama asiyejua kusoma anaona mstari wa mwanawe ukipanda au ukilala. Hakuna anayehitaji kumweleza mara mbili! Lakini kwa mama mwenyewe nilikuta safu ya namba tu. Tunamchorea mtoto, hatumchorei aliyembeba. Kalamu na rula vingetosha.

Kwa hiyo wewe mjamzito unayesoma hapa, au mume wake, au dada yake, ziara ijayo usishuke kwenye mizani kimya kimya. Uliza maswali matatu: Nimeongeza ngapi tangu mara ya mwisho? Kwa urefu na uzito wangu, ilitakiwa ngapi? Na nibadilishe nini kwenye sahani? Ni haki yako. Kilo ni zako.

Na nyinyi mafundi wa Meru, Embu, Chuka na kwingineko mnaotafuta mradi wa kufanya, acheni kutengeneza programu nyingine ya kuagiza piza. Zungumzeni kwanza na muuguzi mmoja wa zahanati iliyo karibu nanyi, mkae naye asubuhi nzima ya siku ya kliniki, ndipo mfungue kompyuta.

Wauguzi, akina mama, mafundi: mimi nimesema yangu. Semeni yenu hapo chini, hata kwa kunipinga.